Tupo tisa tunatoka Dodoma kwenda Unguja likizo ya Juni, bibi yupo na watoto wapo, naomba tupange pamoja cha kufanya kila siku

MamaWanne_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Mimi huwa nasoma tu humu ila leo nimeona nije maana kichwa kimejaa. Mimi, mume wangu na mdogo wangu wa kike tumeweka hela kidogo kidogo toka mwaka jana, lengo letu likizo ya Juni tuwapeleke watoto na mama yetu Zanzibar. Mama ana miaka 74, kazaliwa Bahi, kakulia Bahi, bahari kaiona kwenye TV tu. Watoto wapo watano, wa kwanza 14, wanafuata 11, 9, 6 na wa mwisho ana 3. Jumla tisa.

Usafiri wa bara nimeshaupigia hesabu. Treni ya SGR Dodoma Dar daraja la kawaida ni 31,000 mtu mzima, watoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu nauli, wa chini ya hapo bure, kwaiyo kwenda tu ni 201,500. Tunalala Dar kwa shemeji, kesho yake ijumaa boti.

Ninapokwama ni tukishashuka kule. Nilichoandika mimi ni hiki, jumamosi asubuhi kisiwa cha Changuu kwenye makobe, mchana Nakupenda, jioni bustani ya Forodhani. Jumapili msitu wa Jozani alafu ufukwe wa Paje. Jumatatu Nungwi. Jumanne Pemba. Jumatano tunarudi Unguja, alhamisi tunarudi Dar. Mume wangu kaisoma akaniuliza mama yako atapumzika saa ngapi, nikakosa jibu.

Magoti yake sio mazuri, anatembea ila ngazi nyingi zinamsumbua. Na kuna kitu kingine hakisemi sana ila nakijua, anaogopa boti. Zile meli zilizozama, Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012, alizisikia redioni, kila nikitaja safari anauliza "hiyo meli ni ile?". Sitaki kumlazimisha ila nataka aione bahari angali na nguvu zake. Naombeni mawazo, waliowahi kwenda na wazee na watoto wadogo pamoja mje.

Mpwapwa_Asilia

Dada hongera sana kwa kumkumbuka mama. Treni usiwe na wasiwasi nayo, ni saa tatu na nusu hivi unakuwa Dar, wakati zamani kwa basi siku yote inaishia barabarani. Fikeni stesheni mapema tu, watu tisa na mizigo kwenye ukaguzi sio mchezo. Na watoto waambie wawe macho maeneo ya Kilosa, pale kuna mahandaki, treni inaingia chini ya mlima giza linapiga alafu mwanga, wangu walitaka turudie.

Umefanya vizuri kulala Dar. Kuna watu watakwambia treni ya alfajiri inawahi boti ya mchana, inawezekana ila sio na bibi wa miaka 74 na mtoto wa miaka 3. Kutoka stesheni ya SGR mpaka bandarini sio mbali, hiyo kesho chukueni bajaji mbili tatu mambo yameisha.

JiraniAreaD

Mama Wanne naomba unisikilize kwenye hiyo jumapili ya Paje maana yalinikuta mimi. Desemba iliyopita tulienda familia nzima, kuna mtu wa kutembeza wageni alituuzia safari ya siku moja, Jozani alafu Paje kuogelea. Tumefika Paje saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea toka kwenye gari. Bahari haipo. Nasema haipo, yani unaona mchanga, majani, vidimbwi, mbele kabisa kwa mbaliii kuna mstari mweupe wa mawimbi, kina mama wapo katikati huko wanafanya kazi kwenye mashamba ya mwani. Mtoto wangu wa miaka saba akaniuliza baba wameitoa wapi.

Yule bwana ndo ananiambia itarudi mchana. Na ratiba yake mwenyewe inasema tuondoke saa saba! Mke wangu akajaribu kutembea kuifata bahari, akakanyaga wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, miiba ikakatikia unyayoni. Watoto hawakuogelea siku ile na hela imeshalipwa. Mpaka leo naumia, sio hela, ni zile sura za watoto kwenye gari wakati wa kurudi. Kwaiyo kabla hujaandika jina la sehemu yoyote kwenye ratiba, uliza kwanza maji saa hiyo yatakuwa wapi.

MamaWanne_Nkuhungu

Jirani pole sana, na ahsante. Mimi nilikuwa sijui kabisa kama inaondoka kiasi hicho, nilijua mawimbi yanasogea mbele kidogo na kurudi. Sasa mtu aliyeko Dodoma atajuaje maji yatakuwa wapi mwezi wa sita?

Bin_Malindi

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Malindi Unguja, mzee wangu alikuwa mvuvi, nimekuja Dodoma kikazi mwaka wa tano huu. Dada hili suala ni jepesi na kalenda yake unayo juu ya paa la nyumba yako. Angalia mwezi.

Skiza. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kukupwa ni kama saa sita na dakika chache. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama mpya, hapo tuna bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inafika karibu mita 4. Na huku kwetu bamvua ina saa zake, hazitupi mbali. Maji yanakuwa yamekauka kama saa nne asubuhi na yanakuwa yamejaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana, na saa zinageuka, asubuhi saa nne yamejaa, jioni yamekupwa. Kila siku inayofuata unaongeza kama dakika 50. Basi. Ukishika hayo unapanga safari ukiwa umekaa Nkuhungu kwenu.

Sasa tumia. Yule jirani alikwenda Paje saa nne asubuhi na kwa alivyoeleza ilikuwa bamvua, mwenyeji yeyote angemwambia aende alasiri. Pwani ya mashariki yote, Paje, Jambiani, Bwejuu, ndo tabia yake, kina ni kifupi mpaka kwenye mwamba. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu, mnaogelea saa yoyote. Kwa watoto ningekwenda kaskazini na siyo kwengine, na Juni Kusi linavuma mashariki kule kuna upepo na mawimbi, Kendwa imejificha upande wa magharibi pametulia.

Nakupenda ni fungu la mchanga, si kisiwa, maji yakijaa linazama. Kwaiyo kwenda mchana kama ulivyoandika wakati wa bamvua ni kwenda kushuhudia likizama. Nenda asubuhi. Na halina mti hata mmoja, mtake nahodha aje na turubai.

Hebu niambie mnafika tarehe gani na mwezi utakuwaje, tuangalie.

Kijana_wa_Makole

Nafuatilia kwa makini, uzi mtamu sana huu

MuuguziMpole

Dada mimi niseme habari ya mama na boti. Mimi nakwenda Unguja mara kwa mara kwa ndugu. Boti za mwendo kasi ni kama saa mbili hivi Dar mpaka Unguja, chukueni ya kwanza ya asubuhi maana mara nyingi upepo unaongezeka mchana. Juni ni Kusi, kuna kuyumba, nisikufiche. Mkalishe mama chini sio juu, katikati kuelekea nyuma, karibu na dirisha aone nje, mtu akiangalia mbali kichefuchefu kinapungua. Asile mihogo ya kukaanga asubuhi hiyo, chai ya tangawizi na mkate mkavu. Kama anatumia dawa za presha mpelekeni kwanza kituo cha afya aulize kuhusu vidonge vya kichefuchefu, msimpe tu mkononi.

Na siku tatu kabla muwe mnaangalia Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, wanataja mpaka ukanda wa pwani husika. Wakitoa onyo ahirisheni siku moja, shemeji atawavumilia. Ukimwambia mama kwamba mmekubaliana hivo, kwamba bahari ikichafuka hampandi, naamini hofu itashuka. Yeye anachoogopa ni kupelekwa tu.

Vitambulisho vya NIDA watu wazima wote na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, majina ya kwenye tiketi yafanane. Na hivyohivyo vitambulisho ndo vinakupa kiingilio cha Mtanzania Jozani na sehemu nyingine, wageni wanalipa zaidi.

Mtoto_wa_Wete

Pemba jumanne kwenda na jumatano kurudi? Hapana dada yangu, mtakuwa mmekwenda kuangalia bandari. Pemba inataka siku nne zake. Misali peke yake ni siku nzima, msitu wa Ngezi siku nyingine. Iacheni, mje mwaka mwingine, karafuu hazikimbii. Nakwambia hivi na mimi ndo kwetu.

Mpwapwa_Asilia

Mimi naongeza moja. Huyo wa miaka 14 na wa 11 wapelekeni Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, lilifungwa 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa hapohapo. Kuna vyumba vya chini ambavyo inasemekana walishikiliwa watu. Watoto wa Dodoma wanatakiwa kupaona maana misafara ile ilipita kwetu, Ugogo yote na Mpwapwa palikuwa kituo. Wengine waliopita hapa nyumbani ndo waliishia pale. Bibi msimshushe chini, abaki juu, ngazi zile na dari fupi zitamtesa.

MamaWanne_Nkuhungu

Wakuu nimekaa na mume wangu jana usiku na kalenda. Mwezi unakuwa mpevu jumamosi ileile ya kwanza! Bin Malindi nimehesabu hivi, nirekebishe:

Ijumaa tunafika, hakuna kitu, watu walale. Jumamosi Mji Mkongwe asubuhi kabla ya jua kali, Mkunazini kwa wale wakubwa wawili na baba yao, jioni Forodhani wote. Jumapili asubuhi Changuu na Nakupenda. Jumatatu Jozani peke yake, wakaone kima punju na mikoko, turudi mapema. Jumanne na jumatano Nungwi tunalala huko. Alhamisi boti. Pemba nimeifuta, Mtoto wa Wete unisamehe. Paje nimeifuta pia.

Na mama nimemwambia kama muuguzi alivyosema. Alinyamaza, alafu akauliza hao wa hali ya hewa wanapatikana redio gani.

Bin_Malindi

Umepanga kama mtu wa pwani. Jumapili ongeza dakika zako, maji yatakauka saa nne na nusu au tano kasoro. Ondokeni saa mbili, anzeni na Nakupenda, fungu likiwa linapanda linakuwa safi halina watu wengi, alafu saa tano mwende Changuu kupumzika kwenye kivuli, mle huko. Makobe wale asili yao Aldabra, Shelisheli, wanne wa mwanzo waliletwa zawadi mwaka 1919, wakubwa wana namba kwenye magamba hizo namba ndo umri. Waambie watoto kobe hapandwi. Na lile gereza wanaloliita gereza lilijengwa 1893 ila hakikufungwa mtu, paligeuzwa karantini ya homa ya manjano.

Kodisheni mashua nzima yenu wenyewe, msiungane na kundi, kundi lina haraka zake. Mapapasi, wale vijana wanaotafuta wageni, pale ufukweni watawavuta mikono, nyinyi kubalianeni na nahodha mmoja jioni ya jumamosi, muone chombo chake, muone majaketi ya kuokolea na yawepo ya watoto, si makubwa ya kuwafunga kamba. Nusu ya pesa mkipanda, nusu mkirudi. Na mwambie wazi una mtu mzima wa magoti, kushuka Changuu mara nyingi ni majini mpaka gotini, aje na kiti cha plastiki na vijana wawili.

Forodhani fikeni saa kumi na moja jioni jumamosi, maji yatakuwa yamejaa mpaka ukutani, vijana wanapiga makachu, wanarukia baharini kwa mitindo. Watoto hawatataka kuondoka.

Mzee_Kigamboni

Kwanini msichukue hoteli moja kubwa yenye bwawa la kuogelea mkatulia, kuzunguka kote huko na wazee ni mateso tu

MamaWanne_Nkuhungu

Mzee wangu nimekuelewa ila bwawa hata Dodoma yapo. Mama namtoa Bahi aone bahari.

MuuguziMpole

Kanga mbili za mama, kofia, mafuta ya jua na viatu vya plastiki kwa kila mtu sababu ya ile miiba. Maji ya kunywa mengi. Mungu awatangulie.

MamaWanne_Nkuhungu

MREJESHO

Wakuu tumerudi toka ijumaa iliyopita, nimechelewa kwa sababu ya nguo za kufua na shule. Nimeona ni deni nije.

Boti. Tulisikiliza utabiri siku zote tatu, upepo ulikuwepo ila hakukuwa na onyo. Mama alikaa dirishani na rozari, dakika kama arobaini za kwanza hakuongea na mtu, alikuwa ananishika mkono huku kwenye kiwiko mpaka pakawa na alama. Baadae yule wa miaka 6 akatapika na mama akaacha kuogopa akaanza kumhudumia, ndo ikaisha hivo. Tumefika mzima kabisa akaniambia mbona ni fupi.

Jumamosi asubuhi wengine wamekwenda Mkunazini, mimi nimebaki na mama na wadogo pale Forodhani, tukakaa karibu na ukuta wa bahari kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini. Ilikuwa inaelekea saa nne, maji yako chini, ngazi nyingi zimebaki wazi zina ukijani. Mama akazihesabu kwa kidole. Tisa. Tukaenda kula, tukalala, tukarudi saa kumi na moja watoto waone makachu, watoto wanapiga kelele kwa wale vijana wanavyojirusha, mama haangalii vijana kabisa, anaangalia ngazi. Zimebaki mbili. Akaniuliza, "mvua imenyesha wapi?"

Nimefikiria sana lile swali. Kwa mtu wa Bahi maji yakishuka yameshuka, bwawa linajaa masika, linapungua, linabaki matope, unasubiri mwaka. Maji kupanda ngazi saba mchana mmoja bila wingu juu, hajawahi kuona kitu hicho miaka 74. Nikamueleza ya mwezi kama Bin Malindi ulivyonieleza. Hakunijibu ila usiku alitoka nje ya gesti akasimama anautazama.

Jumapili nahodha alikuja na kiti na vijana wawili, walimshusha mama na kumpandisha kwa heshima kubwa sana, wakimwita bibi, yani mpaka mume wangu akawaongezea hela bila kuombwa. Nakupenda tulikaa saa mbili, mchanga mweupe, wadogo wanaogea kwenye maji ya magotini hakuna wimbi, mama kakaa chini ya turubai miguu ameiweka majini. Alichota kwa kiganja akaonja akasema ni kali kuliko magadi. Changuu aliwalisha makobe mchicha, wa kwanza alikuwa na namba kubwa mgongoni kuliko umri wake, akamwamkia kabisa, shikamoo, na watoto wote watano wakapanga foleni kuamkia.

Kosa letu moja niliseme ili wengine msirudie, Jozani tulikwenda saa sita mchana, joto na kima wamejificha juu wamelala, tuliona wachache. Nendeni asubuhi mapema. Mikoko ilikuwa nzuri, lile daraja la mbao mama alitembea taratibu mpaka mwisho.

Nungwi bahari ipo kama mlivyosema, saa yoyote. Kasa wa pale Mnarani wadogo wamewapenda mno. Lakini nimalizie na jumatano. Asubuhi watoto wanataka kukimbilia kuokota makombe mbali mbele pale penye mawe, baba yao anawaambia bahari itakauka saa nne twendeni saa hiyo. Mama yupo kwenye mkeka anakunywa chai, akasema hapana, saa nne ilikuwa ya juzi kule mjini, leo mwezi umechelewa kutoka, mpaka mchana. Mume wangu akatoa simu akaangalia. Saa saba kasoro.

Bin_Malindi

Mwambie bibi ana salamu zake kutoka Malindi. Huyo sasa ni wa kwetu.

JiraniAreaD

Nimesoma nikamsomea mke wangu. Desemba tunarudi, na kalenda ya mwezi nimeshabandika jikoni. Mama Wanne namba ya yule nahodha naomba unitumie pembeni.

MamaWanne_Nkuhungu

Nimekutumia jirani. Mwambie wewe ni wa yule bibi wa kiti, atakukumbuka.